Sura ya Tano: Mtambo Unajiendesha, Mbona Bia Haikutoka Sawa?

Karibu kila anayenunua mtambo wa umeme wa kupikia bia nyumbani huuliza swali hili ndani ya miezi ya mwanzo. Ametia maji, ametia nafaka, amebonyeza kitufe. Mtambo umelia kila hatua ilipokwisha, na mwisho kioo kikaandika kwamba kazi imekamilika. Wiki tatu baadaye anafungua chupa ya kwanza: bia nyepesi mno, au inanuka moshi, au ina ladha ya dawa ya hospitali.

Mimi humjibu kwa kumuuliza: siku ile unapika, maji yalikuwa yanapita kwenye nafaka?

Wengi hawawezi kujibu, maana waliuacha mtambo jikoni wakaenda kutazama mpira. Nimepika kwa mitambo hii kwa miaka kadhaa, nimewasaidia jirani na marafiki kutengeneza ya kwao, na nimefikia hitimisho moja ambalo sura hii imejengwa juu yake: hitilafu nyingi zinazodhaniwa kuwa za umeme au za kompyuta ni hitilafu za maji. Ukijua kuyafuata maji, umejua nusu ya ufundi.

## Kilichomo ndani ya sufuria

Mtambo wenyewe ni rahisi kuliko unavyoonekana dukani. Ni sufuria ndefu ya chuma kisichoshika kutu, ya lita 30 au 35, yenye hita chini ya kitako. Ndani hukaa kapu la chuma lenye matundu chini, na nafaka huwekwa humo. Pampu ndogo huvuta maji kutoka chini, huyapandisha kwa bomba la pembeni na kuyamwagia nafaka kwa juu. Yanapenya, yanarudi chini, yanavutwa tena. Sensa, yaani kifaa kinachopima joto, imekaa karibu na kitako. Kisanduku chenye vitufe husoma sensa hiyo na kuwasha au kuzima hita kwa ratiba uliyokipa. Ipo mitambo, kama Braumeister ya Ujerumani, inayosukuma maji kutoka chini ya nafaka kwenda juu, lakini wazo ni hilohilo.

Nafaka yenyewe ni kimea cha shayiri. Aliyekulia Kilimanjaro hahitaji kuelezwa kimea. Shangazi yangu alipopika mbege, aliotesha ulezi, akauanika, akausaga, akaupikia uji uitwao mso, kisha akauchanganya na maji ya ndizi mbivu zilizochemshwa hadi zikawa nyekundu. Shayiri nayo huloweshwa, huoteshwa na kukaushwa. Kule kuota huamsha vimeng'enya ndani ya punje, yaani viini vya asili vinavyokatakata wanga na kuufanya sukari.

Vimeng'enya vina masharti. Hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 62 na 70. Ukikaa kwenye 62 hadi 65, sukari inayopatikana huliwa na hamira karibu yote, na bia hutoka kavu. Ukikaribia 70, sehemu ya sukari hubaki bila kuliwa na bia huwa nzito mdomoni. Ukivuka 75, vinaanza kufa. Shangazi aliyajua hayo kwa kidole chake na kwa mazoea ya miaka mingi. Mtambo tunaununua ili utushikie joto hilo kwa saa nzima bila kutetereka.

Maji matamu yanayotoka kwenye kimea, ambayo bado hayana kilevi, nitayaita maji ya kimea. Yakishapatikana, kapu huinuliwa na maji huchemshwa kwa takriban saa moja pamoja na hopsi, maua ya mmea utambaao yanayoleta uchungu na harufu, kazi ambayo kwenye mbege hufanywa na gome la msesewe. Kisha hupozwa hadi nyuzi 20 hivi, hutiwa hamira, na huachwa yachache.

Kwa ufupi: mtambo hushika joto, huhesabu dakika na kuzungusha maji. Kuiona nafaka, kuyaonja maji na kuujua uchafu ni kazi yako.

## Maji yasipopita

Jumamosi moja nilipika bia ya ngano, kilo tano na nusu za nafaka, nusu yake ngano. Kila kitu kilionekana shwari. Kioo kilisoma 67, pampu ilinguruma, nami nilikuwa nikiosha vyombo. Baada ya robo saa nikasikia sauti ya pampu imebadilika kidogo, kama mtu anayefyonza soda iliyobaki chini ya chupa kwa mrija. Nilipofunua kifuniko nikakuta juu ya nafaka pana kidimbwi kizito kama uji wa mgonjwa, na maji yanatumbukia kwenye bomba la katikati, lile lililowekwa ili maji yakizidi yarudi chini yasimwagike sakafuni.

Nikachomeka kipimajoto cha mkono katikati ya nafaka. Kilisoma 59.

Hapo ndipo penye siri ya mitambo hii. Maji yalikuwa yanazunguka kweli, kutoka chini kwenda juu na kurudi chini kwa bomba la katikati, na sensa iliyoko chini ilikuwa inasoma maji hayo ya moto kwa uaminifu kabisa. Nafaka yenyewe ilikuwa imejifunga kama udongo wa mfinyanzi, joto haliifikii. Kioo hakikudanganya. Kilikuwa kinajibu swali jingine, si lile nililokuwa nikiuliza mimi.

Siku hiyo haidromita, kijiti cha kioo kinachoelea juu zaidi kadiri maji yalivyo na sukari nyingi, ilisoma 1.038 badala ya 1.050 niliyoitarajia. Tofauti hiyo si ndogo: 1.050 ikishuka hadi 1.010 baada ya kuchacha hutoa bia ya kilevi cha asilimia 5 na kidogo. Mimi niliishia chini ya asilimia 4.

Likikutokea hilo katikati ya kazi, fanya hivi kwa mpangilio huu:

1. Zima hita, kisha pampu. Hita ikiendelea kuwaka huku maji ya chini yamepungua, utaunguza.
2. Subiri dakika tano hadi kumi, maji yashuke yenyewe.
3. Koroga nafaka kwa mwiko mrefu ukianzia chini, polepole, bila kuibana.
4. Washa pampu huku umebana koki yake, upate mtiririko mwembamba. Ongeza kidogokidogo.
5. Pima joto katikati ya nafaka kwa kipimajoto cha mkono, na uongeze nusu saa kwenye muda uliobaki.

Kinga yake iko kwenye kusaga. Punje ya shayiri inatakiwa ipasuke vipande vitatu au vinne huku ganda lake likibaki karibu zima, maana maganda ndiyo chujio. Ukisaga hadi unga, umeondoa chujio na kuweka gundi. Ngano haina ganda baada ya kupurwa, na ulezi una punje ndogo zinazoshikana upesi, kwa hiyo nafaka hizi zinahitaji msaada: gramu 200 au 300 za maganda ya mpunga yaliyooshwa, yakichanganywa na kimea kabla ya kutia maji. Hapa Marekani huuzwa dukani kwenye vifuko. Kwetu, nje ya kila mashine ya kukoboa mpunga, ni lundo la bure.

## Ukoko

Kila aliyepika wali anaujua ukoko. Mtambo wa bia nao hupata wake. Unga mwembamba hupenya matundu ya kapu, hutuama kwenye kitako, na hita iliyo chini yake huukausha, kisha huuchoma. Ukoko huo huzuia joto kuingia kwenye maji, kitako kinazidi kuwa cha moto, na swichi ya usalama hukata umeme wa hita. Pampu inaendelea, taa zinawaka, kioo kinasoma, lakini joto linashuka taratibu.

Wengi wakifika hapo huamini hita imekufa. Nimewahi kuletewa mtambo ambao mwenyewe alikuwa amekwisha kuagiza hita mpya. Tuliugeuza, tukakuta kitako kina doa jeusi la ukubwa wa sahani. Mitambo mingi ina kitufe kidogo upande wa chini cha kuirudisha swichi hiyo. Chomoa umeme, mwaga maji, sugua kitako hadi king'ae, halafu ndipo ubonyeze. Ukibonyeza huku ukoko ukiwapo, swichi itakata tena baada ya dakika chache.

Kuhusu bia iliyokwisha kushika moshi, ushauri wangu ni mmoja: imwage. Ladha ya kuungua haiondoki kwa kuchachusha, kukaa wala kuongeza hopsi. Utapoteza wiki tatu zaidi ukisubiri muujiza.

Kuzuia ni rahisi. Pepeta unga uliozidi kabla ya kutia nafaka, acha nafaka ilowe dakika kumi kabla ya kuwasha pampu, na ukishainua kapu pitisha mwiko wa mbao kwenye kitako mara mbili tatu maji yanapoelekea kuchemka. Ikiwa mtambo wako unaruhusu kupunguza nguvu ya hita, upunguze wakati wa kulowesha kimea, uitumie yote wakati wa kuchemsha.

## Mtambo uliosubiri nyuzi 100

Naishi Denver, katika jimbo la Colorado, mji ulioko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mara ya kwanza nilipopika hapa, nilitumia ratiba niliyoizoea: kimea kwa saa moja kwenye 67, kisha kuchemsha kwenye 100. Maji yakachemka vizuri, yakitoa povu na mvuke. Kioo kilisoma 95 na hakikupanda tena. Mtambo, ambao uliambiwa uanze kuhesabu dakika utakapofika 100, ukawa unasubiri. Nami nikawa nasubiri mtambo. Kwa zaidi ya saa moja maji yalichemka bila kuhesabiwa, na yakapungua lita kadhaa.

Hapakuwa na kilichoharibika. Kila unapopanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa nyuzi moja pungufu. Dar es Salaam na Mombasa maji huchemka kwenye 100. Denver ni kama 95. Nairobi, iliyo juu zaidi ya Denver, ni kama 94. Tafuta sehemu ya kuweka kiwango cha kuchemka kwenye mtambo wako na uweke cha mji wako. Maji yakichemka chini ya 100 huvuta uchungu wa hopsi kwa unyonge kidogo, kwa hiyo anayeishi nyanda za juu huongeza hopsi kiasi au dakika.

Nitoke nje ya njia kidogo, kwa kuwa Colorado ina nafasi yake katika habari hii. Chama cha wapika bia wa nyumbani cha Marekani kilianzishwa Boulder, mji jirani, mwaka 1978, na miongoni mwa waanzilishi wake ni Charlie Papazian. Mwaka huohuo Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoruhusu mtu mzima kupika bia nyumbani bila kulipa kodi: galoni 100, sawa na lita 378 hivi, kwa mwaka, na galoni 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Majimbo yalifuata moja baada ya jingine, na ya mwisho, Alabama na Mississippi, yaliruhusu mwaka 2013. Ruhusa hiyo ni ya bia ya kunywa nyumbani. Haihusu kuuza wala kunereka pombe kali. Uliko wewe, iwe Arusha, Nakuru au Muscat, uliza sheria kabla hujanunua chochote.

Turudi kwenye namba. Usiiamini sensa hadi umeipima. Jaza bilauri barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga: kipimajoto chako cha mkono kisome 0. Kisha kitumie hicho kuusahihisha mtambo. Tofauti ya nyuzi mbili inatosha kuigeuza bia kavu kuwa nzito.

Na lile lalamiko kwamba mtambo "unachelewa kupata moto" lijibiwe kwa hesabu. Lita 25 kutoka nyuzi 20 hadi 67 zinahitaji kama dakika 37 kwa hita ya wati 2,200, na dakika 55 kwa ya wati 1,500, bila kuhesabu joto linalopotea hewani. Mitambo inayochomekwa kwenye soketi ya kawaida ya Marekani, ya volti 120, haiwezi kuvuta zaidi sana ya hizo wati 1,500. Ukiwa Tanzania, Kenya au Uingereza, volti za huko zinakupa nguvu zaidi. Funika sufuria wakati wa kupasha, ivishe koti la kutunza joto, uwe na subira.

## Umeme

Hapa sitasema mengi, kwa kuwa makosa ya hapa hayasameheki. Mtambo uwe na soketi yake peke yake, bila birika wala maikrowevu kwenye waya uleule. Usitumie ekstensheni nyembamba. Ukigusa plagi baada ya nusu saa ukaikuta ya moto, zima. Ikiwa breka inakata kila unapowasha, angalia kama mvuke umeingia kwenye kisanduku cha vitufe, uache ukauke siku nzima. Ikiendelea, mwite fundi umeme. Usifungue kisanduku kikiwa kimechomekwa, na usiondoe waya wa ethi ili breka itulie. Breka inayokata inakulinda.

## Ulimi wako ni kipimo

Bia yenyewe husema kilichotokea, ukiizoea lugha yake:

- Nyepesi, kilevi kidogo: kimea hakikusagwa vizuri au maji hayakupita kwenye nafaka.
- Moshi, majivu: ukoko.
- Mahindi ya kuchemsha au kabichi: ulichemsha ukiwa umefunika. Kuna hewa ya asili ya kimea inayotakiwa itoke na mvuke. Kifuniko huirudisha ikidondoka. Wakati wa kuchemsha, kifuniko kikae pembeni.
- Dawa ya hospitali, plasta: klorini ya maji ya bomba.
- Uchachu usiotarajiwa: uchafu baada ya kupoza.

Klorini inastahili maelezo zaidi. Kuchemsha huiondoa, lakini miji mingi hutumia kloramini, ambayo ni ndugu yake mbishi asiyetoka kirahisi. Robo ya kidonge cha Campden, kinachouzwa kwa wapika bia na watengeneza mvinyo, hutosha lita 20 na huimaliza kwa dakika chache. Kitie kwenye maji kabla ya nafaka. Sijaona dawa nyingine ya bei ndogo hivi inayobadilisha bia kiasi hiki.

Ujue pia kwamba mtambo ukishamaliza, kazi kubwa ya ladha ndiyo kwanza inaanza. Hamira inapochachusha hutoa joto lake yenyewe, na chombo kinaweza kuzidi joto la chumba kwa nyuzi kadhaa. Chombo kilichowekwa jikoni kwenye nyuzi 26 kitatoa bia kali inayouma koo, hata kama kimea kilishikwa kwenye 67 barabara. Tafuta kona yenye ubaridi, au kiweke kwenye beseni la maji na ukivishe fulana mbichi, kama tunavyopoza mtungi.

## Swali la dukani

Kabla ya kununua, muulize muuzaji: intaneti ikikatika, mtambo huu utapika? PicoBrew ya Seattle iliuza mitambo mizuri sana iliyochukua ratiba zake kutoka kwenye kompyuta za kampuni. Kampuni iliporomoka mwaka 2020, na wenye mitambo wakabaki na wasiwasi nani atazilisha mashine zao, hadi wapenzi wa kazi hii wakaandika programu mbadala. Programu ya simu ni msaada mzuri, lakini vitufe vya kwenye mtambo viweze kufanya kila kitu bila simu. Uliza pia kama pampu, sensa na hita vinauzwa kimoja kimoja. Pampu ndiyo hufa mapema.

## Usiku uleule

Pampu nyingi nilizoletewa kwamba zimekufa zilikuwa na hopsi ndani. Majani yake husagika, hupenya chujio na kujisokota kwenye panga dogo linalozunguka. Ukitia hopsi, zitie ndani ya mfuko wa kitambaa chepesi, na uangalie chujio la pampu limekaa sawasawa kabla ya kutia maji.

Ukishahamisha maji ya kimea kwenye chombo cha kuchachushia, usikae. Suuza kapu na sufuria. Jaza lita tano za maji ya nyuzi 60, tia sodiamu pakaboneti, ile poda ya kuosha inayotoa povu la oksijeni, na uache pampu izungushe nusu saa, kisha suuza kwa maji safi mara mbili. Kila baada ya mapishi machache zungusha maji yenye asidi ya sitriki, uondoe ule utando mweupe wa chokaa. Jiki isiguse chuma hiki kamwe: klorini yake hukitoboa vidoa vidogo vya kutu, na harufu yake itakufuata kwenye bia tatu zinazofuata.

Najua ni saa nne usiku na mgongo unauma. Osha hivyohivyo. Sukari ikikauka ndani ya pampu, asubuhi utahitaji bisibisi.